Habari Zimfikie Mjukuu Wangu

Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima, miezi michache tu, kwenye godauni la ushirika, kipindi kile serikali ilipotaka hata bibi mwenye ugoro mdomoni ajue kuandika jina lake. Kwa hiyo naandika kama ninavyolima: polepole, mgongo umepinda, na nikikuta jiwe nalitoa, silizunguki.

Nataka kuandika habari za mjukuu wangu wa kike na mama yake, ambaye ni binti yangu. Jina la mtoto sitaliandika. Nilishawahi kulichezea jina lile, na nikayaona yaliyonipata.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka ya mjini Morogoro, ambako zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, yalifurika vitu kama mto wa masika. Mitumba ikamwagwa sokoni. Na viwanda, vilivyokuwa vimeleta watu kutoka kila pembe ya nchi, vikaanza kufungwa, leo hiki, kesho kile. Mkwe wangu, mtu wa Tabora, alikuja kwetu kwa ajili ya kiwanda, akaoa kwetu kwa ajili ya kiwanda. Siku moja akasimama uani kwangu ameshika kofia. "Mama," akasema, "nimepunguzwa." Nikamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu nione amepungua wapi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno lile likitumika kwa mtu.

Walikuwa wamepanga chumba mjini, yeye, binti yangu na mtoto wao mmoja. Mimi nyumba yangu iko juu ya Bigwa, pale barabara inapochoka na njia ya miguu inapoanza kukupima mapafu. Kutoka uani kwangu unaliona bati la mji mzima, lakini kelele zake huzisikii. Nalima maharage, kabichi na ndizi kwenye matuta yaliyochongwa na bibi zangu.

Asubuhi moja nikamwona binti yangu anapanda, amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anaelekea miaka mitano, miguu inamning'inia mpaka kwenye magoti ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umebeba mtu mzima?"

"Nikimshusha anakimbia. Nimechoka, mama."

Alipomshusha, mtoto hakuniangalia. Alitembea kwa ncha za vidole kama anayepita juu ya makaa, akazunguka nyumba yangu mara mbili, kisha akakaa chini ya migomba na kumwaga visoda kutoka kwenye soksi. Visoda, vile vifuniko vya chupa za soda na bia, vingi. Akaanza kuvipanga mstari. Nilimwita jina lake. Kimya. Nikamwita kwa nguvu. Jirani wa bonde la pili aliitika, yeye hakuitika.

Ndipo binti yangu akanieleza kilichomleta. Mtoto hakuwahi kusema "mama". Hakuwahi kusema "maji". Ila alikuwa anasema jambo moja, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: alikuwa anasoma matangazo ya vifo ya redioni. Anasimama, anaziba masikio, anatoa sauti nzito ya kiume: "Anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea jana. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote pale walipo." Wapangaji wenzao mwanzoni walicheka. Kisha mzee mwenye nyumba akaanguka bafuni akafa, siku ileile ambayo mtoto alikuwa ametangaza mlangoni pake. Kicheko kikaisha. Mke wa marehemu akamfukuza binti yangu na watu wake, akatupa ndoo zao nje.

"Wamesema mwanangu anaita vifo," binti yangu alisema. Macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyeugua. Nilimwuliza mara ya mwisho amelala lini. Akafikiri sana, kama nimemwuliza jambo la utotoni.

Habari mbaya hupanda mlima bila kupumzika. Kesho yake akaja ndugu yangu. Huyu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni hapahapa kwenye matuta haya, lakini ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, analishwa, lakini mtoto akiwa na tatizo anayeulizwa ni mjomba. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Mtoto akaendelea na visoda vyake.

"Dada," akasema, "huyu apelekwe upande wa pili wa mlima, kwa mganga anayewashika watoto wa namna hii. Akae huko mpaka vuli. Na mama yake asimfuate. Mama akifuata, dawa haishiki."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. "Mjomba," akasema, "mwanangu akiwa na njaa hasemi. Akiumwa hasemi. Huko nani atajua?"

"Watajua."

"Watajuaje?"

Mdogo wangu akakohoa. Mtu mwenye madaraka akikosa jibu hukohoa. Nikaona niingie kati kabla kikohozi hakijawa amri. "Tuvune maharage kwanza," nikasema. "Kisha tukae kikao." Maharage hayana mpinzani. Akakubali, akashuka zake. Nikabaki na wiki tatu hivi, na binti aliyekuwa ananitazama kama vile nimeshika kamba ya ndoo yake kisimani.

Aliponiamini vizuri akafungua fundo la khanga akatoa karatasi. Alikuwa amempeleka mtoto hospitali kabla ya mambo ya mzee yule. Daktari alimpima masikio, akagonga kijiko nyuma yake, akasema masikio ni mazima. Akaandika neno moja, akasema waende Dar es Salaam kwa wakubwa zaidi, nao hawakuwahi kwenda. Nikaisogeza karatasi juani. Nikasoma kwa silabi, kama nilivyofundishwa. O. Ti. Zi. Siku hizi nasikia wanaita usonji, lakini wakati ule neno lile lilikuwa kama jina la mji usiowahi kufika. Nililipeleka kwa mwalimu wa shule ya msingi pale chini, naye akaligeuza kulia na kushoto, akanirudishia.

Lakini mbele ya neno palikuwa na alama ninayoijua. Ile iliyopinda kama sikio, na kitone chini yake. Mwalimu wetu wa kisomo alituambia: ukiiona hiyo, ujue mwandishi anauliza. Nilifurahi, sitaficha. Hata daktari mwenye koti jeupe anauliza! Basi na mimi ninaruhusiwa kuuliza.

Ila kabla ya kuuliza nilifanya kosa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwetu, mtoto akilia bila sababu, akikataa ziwa, wazee huuliza jambo moja kwanza: jina ni lake kweli? Pengine kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa, na mtoto anawasumbua mpaka wampate. Hutajwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nikiwa mchanga, na nasikia sikulia tena mpaka nilipoolewa. Sasa huyu mtoto alikuwa na jina la mama mzazi wa mkwe wangu, bibi wa Tabora ambaye sijawahi hata kuona kivuli chake. Mtoto wa kwanza wa kike, wa ukoo wetu, kupewa jina la upande wa kuumeni! Lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ya kwanza. Haitiki kwa sababu si lake. Mbona ni rahisi!

Nikakoroga unga na maji, nikampaka kipajini, nikamwita jina la mama yangu. Nikazunguka mlima mzima kuwatangazia: kuanzia leo aitwe hivi. Wote wakaitika, maana jina la mama yangu lina heshima huku. Kila aliyepita alimwita jina jipya. Binti yangu alifungua mdomo akaufunga.

Siku ya pili mtoto akaanza kujing'ata mkono. Siku ya tatu akagonga kichwa kwenye nguzo ya jiko, akakataa ugali. Nikasema mama yangu hamtaki, alikuwa mgumu hata alipokuwa hai. Nikakoroga unga tena, nikampa jina la shangazi. Mambo yakazidi. Mtoto akipiga kelele, mama yake anamkumbatia kwa nyuma na kukaa naye chini, jasho linawatoka wote wawili, na mimi nimesimama pembeni na bakuli la unga nawaza jina la tatu.

Siku hiyo nilikuwa natafuta kuku wangu aliyezoea kutagia porini. Nikainama nyuma ya migomba, na nikasikia sauti. Ndogo, nyembamba, si ile ya kiume ya redio. Nikachungulia. Mjukuu wangu alikuwa anapanga visoda, na kila akiweka kimoja anasema jina. Jina lake. Lile la kwanza, la bibi wa Tabora. Anaweka kisoda, anasema. Anaweka kingine, anasema. Kama mtu aliyepotelewa na kuku jioni, anayemwita bila kuchoka huku giza linakaribia.

Nilikaa chini palepale kwenye majani makavu. Kumbe alikuwa analijua! Miaka yote haitiki, na analijua. Na mimi nimekuja na bakuli langu nimemnyang'anya.

Nikamwendea binti yangu aliyekuwa anapembua maharage. "Mtoto anajiita," nikamwambia. "Anajiita jina lake la zamani."

Hakuinua uso. "Ninajua. Alikuwa anafanya hivyo hata mjini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia, mama?"

Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto aliyemzaa. Sikuwa na maneno yake. Nilichukua ungo kutoka mikononi mwake, nikamwambia anyooshe mgongo, nikapembua mimi. Kisha nikajifunga khanga nikazunguka mlima upya, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwamba mtoto amerudi kwenye jina lake. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, maana mimi ni mwanamke wa kujisikia. Na jirani yangu wa karibu ni mtani wa ukoo wetu, mtu ambaye mila inamruhusu kututukana hata msibani. Alinisubiri mlangoni.

"Karibu, bibi wa majina! Leo mtoto ni nani? Tusiandike ukutani kwa mkaa, maana tutafuta tena kesho?"

"Nimekosea," nikasema.

"Sikusikia."

"Nimekosea, we mchawi mkubwa!"

"Haya. Nilitaka tu kusikia mlima unavyoanguka."

Mtoto hakupona kwa siku moja. Lakini aliacha kujing'ata, na baada ya siku mbili akala ugali, mradi mboga isiguse ugali. Hilo nilijifunza kwa kumwagiwa sahani.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza sawasawa. Nilijiambia: wewe kuku wako unajua atataga lini kabla hajajua mwenyewe, kwa sababu unamtazama. Huyu mtoto umemwogopa tu, hujamtazama. Nikawa namtazama. Kwa nini anashika mkono wangu na kuuweka juu ya mfuniko wa sufuria, kama mtu anavyoshika upawa, bila kuniangalia usoni? Kwa sababu anataka ndizi iliyomo ndani, na mkono wangu unafungua. Basi! Mbona hiyo ni kusema? Anasema kwa mkono wangu. Kwa nini anaziba masikio kabla mashine ya kusaga ya kule chini haijaanza kulia? Nikatega sikio, nikagundua ile mashine hukohoa kwanza, kikohozi kidogo ambacho mimi kwa miaka yote sikuwahi kukisikia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kila siku nilimpelekea binti yangu habari mpya kama mtu aliyetoka mjini. "Umejua anapenda visoda viangalie juu? Umejua kimoja kikigeuka anakijua kwa mbali?" Naye akawa ananiambia yake, aliyoyajua miaka mingi na hakuwa na wa kumwambia. Nikaona mabega yake yanashuka kidogo kidogo. Sikumpa dawa yoyote. Nilimwuliza tu.

Lakini lililoniwasha zaidi ni lile la vifo. Mimi sikuwa na redio, na bado kila siku mtoto alitangaza. Siku moja nilikuwa natwanga, na alipoanza nikaona kivuli cha upenu kimegusa kinu. Kesho yake nikakiacha kinu palepale. Kivuli kikagusa, mtoto akasimama, akaziba masikio: "Anasikitika kutangaza kifo..." Siku ya tatu vilevile. Nikatupa mchi. Mtoto huyu haiti vifo, ana saa! Redio kule mjini ilikuwa inatangaza vifo alasiri, naye ameibeba ile saa kichwani mpaka huku mlimani.

Lakini kwa nini vifo? Redio ina muziki, ina mpira, ina habari. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikalibeba shambani. Nikiwa nakata kabichi likajijibu. Habari hubadilika kila siku. Muziki hubadilika. Lakini tangazo la kifo ni lilelile. Anayekufa anabadilika, maneno hayabadiliki: anasikitika, kilichotokea, habari ziwafikie, popote pale walipo. Mtoto alikuwa ameshika kamba pekee isiyokatika. Na mimi nilikuja kukata jina!

Nikapata wazo la kipumbavu. Alikuwa chini ya migomba, uji umeiva. Nilimwita jina lake. Kimya. Nikabana pua, nikatoa sauti ya mtangazaji: "Habari zimfikie..." nikataja jina lake, "...popote pale alipo. Uji umeiva."

Akasimama. Akaja kwa ncha za vidole mpaka jikoni, akauweka mkono wangu juu ya bakuli.

Binti yangu alikuwa mlangoni na kuni kichwani. Kuni zikaanguka zote. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya kuni, na katikati ya kicheko akawa analia, kisha akacheka tena. "Rudia, mama," akasema. Nikarudia. Akajaribu yeye, sauti yake ikawa nyembamba mno, mtoto akamtazama kama anayesikia redio yenye betri zilizokwisha. Nikamfundisha kubana pua.

Haikufanya kazi kila mara. Niseme kweli. Siku nyingine mtoto hakuja hata ningetangaza mpaka sauti ikauke. Lakini alikuja mara nyingi kuliko zamani, na zamani hakuja kabisa.

Mkwe wangu alifika siku moja kabla ya kikao. Alikuwa ameanza kuuza mitumba, na alikuja na redio yake imefungwa ndani ya koti la baridi la Wazungu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawachekeani, huongea wakiangalia pembeni. Bahati mbaya alinikuta nyuma ya jiko, pua nimebana, nikiwatangazia migomba. Nilipogeuka, alikuwa ameinamisha uso, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Shikamoo mama," akasema kwa shida. "Naona umepata kazi redioni."

"Marahaba, baba. Wewe umepunguzwa, mimi nimeajiriwa."

Tukavunja mila tukacheka. Kisha nikamweleza habari za kivuli na kinu. "Mama," akasema, akiangalia pembeni kweli sasa, "mimi ndiye niliyekuwa nikimweka karibu na redio. Nilipokosa kazi nilikuwa nyumbani mchana kutwa, na mama yake amechoka. Mtoto akisikia redio alikuwa anatulia. Watu waliposema yale, nilidhani mimi ndiye niliyemharibu." Alikuwa amelibeba hilo tangu mjini, mtu mzima yule.

"Hukumharibu," nikasema. "Ulimpa saa."

Kikao kilikaa uani kwangu, kwenye mikeka. Alikuja mdogo wangu na wazee wawili wa ukoo, na mtani wetu akajialika mwenyewe. Mtoto alikuwa chini ya migomba. Binti yangu alikaa nyuma yangu, na nilihisi pumzi yake kwenye shingo. Mdogo wangu alikuwa amekuja na jamvi la kumfungia mtoto mizigo yake. Nililiona lile jamvi likiwa limekunjwa pembeni ya kigoda.

"Maharage yamevunwa," akaanza. "Tusizunguke. Mtoto anatangaza vifo, na mtu amekufa."

"Anatangaza kila siku," nikasema. "Mtu anayetangaza kila siku, ipo siku atapatia."

"Maneno hayo."

"Si maneno. Angalia kinu."

Wakaangalia kinu kama watu wanaoangalia kuku mwenye miguu mitatu. Kivuli kilikuwa bado upana wa kiganja. Nikawaeleza. Mzee mmoja akasema wazi kwamba nimezeeka. Tukasubiri. Sijawahi kuona wanaume wazima wakisubiri kivuli, hata mkwe wangu aliyekuwa ameshika redio mapajani kama mgonjwa wake. Kivuli kikagusa. Mtoto hakusimama.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye jamvi.

Ndipo mtoto akainuka, akaziba masikio, na ile sauti nzito ikatoka: "Anasikitika kutangaza kifo cha..." Mkwe wangu akawasha redio. Ikakoroma, ikakwaruza, kisha mtangazaji akasikika akisoma jina la mtu wa mbali tusiyemjua, na maneno yakaenda pamoja, ya redioni na ya migombani, sambamba kama majembe mawili ya watu waliozoeana. Ila mtoto alikuwa mbele kwa neno moja.

Mtani wetu akadakia. "Jogoo wangu anawika kila alfajiri," akasema. "Siku mtu akifa alfajiri, nimpeleke kwa mganga? Au nimchinje tu tule?"

"Nyamaza wewe," mdogo wangu akasema, lakini mkono ulikuwa umetoka kwenye jamvi. Akanigeukia. "Haya, ana saa. Lakini mtoto asiyeitika ni mtoto gani? Nasikia unamwita kwa ujanja. Mwite tuone."

Nikabana pua. Binti yangu akanishika mkono kutoka nyuma, akaushusha. Akasimama. Hajawahi kusimama mbele ya mjomba wake kikaoni.

"Hapana, mjomba," akasema. "Shikamoo yako ninayo, lakini mwanangu si ngoma ya kuchezwa watu waone. Akiitika leo, mtasema abaki. Asipoitika, mtamchukua. Mimi ni mama yake siku anazoitika na siku asizoitika. Kama ni kumpeleka, mtanipeleka na mimi, na dawa isiposhika basi isishike."

Nilijivunia mpaka masikio yakavuma. Nilitaka kusimama niseme: huyo nimemzaa mimi! Lakini nilikaa.

Mdogo wangu akakuna goti. Nilimwona anavyokuwa mtoto yule niliyembeba, aliyekuwa akitaka jambo na hajui aliombeje. Hatimaye akageuka kuelekea migombani, akakohoa, akabana pua mwenyewe. Mkubwa wa ukoo!

"Habari zimfikie..." akalitaja jina, lile la Tabora, kwa usahihi. "...huko aliko..."

"Popote pale alipo," ikasema sauti nzito chini ya migomba.

Hakuja. Alimsahihisha tu, akarudi kwenye visoda. Mtani wetu aliangua kicheko akalala chali kwenye mkeka. Mzee yule aliyesema nimezeeka alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Mdogo wangu hakucheka. Aliendelea kutazama migombani, na uso wake ulikuwa na ile alama ya daktari, iliyopinda kama sikio.

"Amenisikia," akasema. "Kumbe anasikia. Dada, alikuwa ananisikia tangu siku ile nilipokuja?"

"Kila neno," nikasema.

Akainuka, akalichukua jamvi lake, akaliweka begani. "Mtoto atabaki na mama yake," akasema. "Na mama yake atabaki na wewe mpaka mume wake apate chumba kingine. Atakayesema anaita vifo aje aniambie mimi." Kisha akashuka mlima, na tulimsikia mpaka kwenye kona ya kwanza akijaribu peke yake: popote pale alipo, popote pale alipo.

Mkwe wangu akaenda kukaa chini ya migomba, si karibu sana, akiwa na redio. Nikamgeukia binti yangu nimwambie jambo kubwa, jambo ambalo mama angepaswa kusema siku kama ile. Alikuwa ameshalala. Pale kwenye mkeka, viatu miguuni, mdomo wazi, kama aliyedondoshwa. Nikamfunika khanga.

Alilala mpaka kuku wakaingia bandani. Mimi nilikaa kulinda. Mjukuu wangu akaja kwa ncha za vidole na soksi yake, akaanza kupanga visoda pembeni ya mama yake, kuanzia kisigino mpaka kichwani. Nikachukua kimoja nimsaidie, nikakiweka mwisho wa mstari. Akakiangalia. Akashika mkono wangu, akaurudisha kwenye kisoda, na tukakigeuza pamoja kiangalie juu.